Kupima metformini kwa HPLC bila kioanishi ayoni

Weka metformini, dawa ya kisukari, kwenye mashine ya HPLC (inayotenganisha kemikali kwa kuzisukuma na majimaji ndani ya kolamu, yaani mrija uliojazwa chembe). Tumia kolamu ya kawaida ya C18 (silika iliyofunikwa minyororo ya mafuta), sukuma bafa tupu (maji yenye chumvi ya kutuliza pH) bila tone la kiyeyusho cha asetonitrili, na bado kilele, yaani alama ya dawa kwenye mchoro wa kigunduzi, kitatoka mwanzoni kabisa pamoja na takataka zote ambazo hazikushikwa. Sababu iko kwenye molekuli yenyewe. Ni baiguanidi ndogo, uzito wake wa molekuli ni 129 bila hidrokloridi, inapenda maji kupita kiasi, na pKa yake ya juu, yaani pH ambayo nusu ya molekuli huwa zimeachia protoni, inakaribia 12. Kwa hiyo katika pH yoyote ambayo kolamu ya silika inaweza kuvumilia, metformini imebeba chaji chanya, na huwezi kuiondoa chaji hiyo kwa kuchezea pH.

Ndiyo maana njia inayojulikana zaidi ya vidonge vya metformini, ile ya Famakopea ya Marekani (kitabu rasmi cha viwango vya dawa), ilitegemea kioanishi: sodiamu heptanisalfoneti na sodiamu kloridi, 0.5 g ya kila moja kwa lita, pH 3.85, asetonitrili sehemu 1 kwa bafa sehemu 9, na kigunduzi kwenye 218 nm. Heptanisalfoneti ina mkia wa mafuta na kichwa chenye chaji hasi. Mkia unang'ang'ania C18, kichwa kinaidaka metformini. Inafanya kazi, hilo halina ubishi.

Gharama yake huonekana baadaye. Kioanishi hujaza uso wa kolamu polepole, kwa hiyo unasubiri saa nyingi kabla muda wa kutoka haujatulia. Joto la chumba likibadilika, muda nao unahama. Huwezi kutumia gradienti (kuongeza asetonitrili taratibu wakati wa kupima), kwa sababu kila asetonitrili inapopanda, kioanishi kinabanduka na mstari wa msingi unayumba. Kolamu iliyokwisha kuguswa na heptanisalfoneti haisafishiki ikaisha kabisa; iandike jina la dawa hiyo na usiitumie kwa kazi nyingine. Na kwenye spektromita ya masi, kigunduzi kinachotambua molekuli kwa uzito wake, sahau: chumvi hizo haziwi mvuke, zitaziba chanzo cha ayoni. Asidi ya trifluoroasetiki wengi huitumia wakidhani wameepuka vioanishi, lakini nayo ni kioanishi, japo chepesi na chenye kuvukizika.

Kabla ya kuchagua njia mbadala, jiulize kioanishi kiliwekwa pale kwa sababu gani. Dawa nyingi hazikihitaji hata kidogo. Ikiwa ni asidi dhaifu, shusha pH hadi iwe chini ya pKa kwa vipimo viwili; asilimia 99 ya molekuli zitakuwa hazina chaji na C18 itazishika. Ikiwa ni besi yenye pKa ya 7 hadi 8, panda hadi pH 10 kwa bafa ya amonia, lakini kwa kolamu iliyotengenezwa kuhimili alkali, kwa sababu silika ya kawaida huanza kuyeyuka pH inapozidi 8. Ikiwa haina chaji bali inapenda maji tu, C18 ya aina inayovumilia maji asilimia 100 hutosha. Metformini haimo katika makundi hayo yote matatu. Ina chaji muda wote, kwa hiyo kinachobadilishwa ni kolamu. Njia mbili zinafaa: kolamu ya kubadilishana kationi (ayoni zenye chaji chanya), na HILIC (kolamu inayopenda maji).

Kubadilishana kationi

Hii ndiyo njia ambayo monografu (sura ya viwango vya dawa moja) ya metformini hidrokloridi ya Famakopea ya Ulaya imetumia kwa miaka mingi kutafuta uchafu unaohusiana na dawa, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kolamu ni ya silika iliyofungwa makundi ya asidi ya benzenisalfoniki, mathalani 250 × 4.6 mm. Majimaji yanayosukumwa na pampu (tuyaite kibebaji kuanzia hapa) ni amoniamu dihidrojeni fosfeti, 17 g kwa lita ya maji, pH 3.0 kwa asidi ya fosforiki. Mwendo ni 1 mL kwa dakika, sindano (kiasi kinachodungwa) 20 µL, kigunduzi 218 nm. Uchafu unaosakwa ni sianoguanidini, malighafi iliyobaki kiwandani, ambayo kikomo chake kimekuwa asilimia 0.02. Kwa kuwa haina chaji katika pH 3, hutoka mapema, mbali na metformini ambayo salfoneti imeishika barabara. Melamini, ambayo ina chaji katika pH hiyo, hutumika kuthibitisha utengano: kati yake na metformini utengano usipungue 10.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna asetonitrili hata kidogo. Maabara inayohesabu kila chupa ya kiyeyusho itaipenda kwa hilo tu.

Ubaya wake ni chumvi. 17 g kwa lita ni karibu milimola 148, na fosfeti kiasi hicho ikikauka ndani ya pampu huacha fuwele zinazokwangua sili za pistoni. Umeme ukikatika usiku na bafa imebaki kwenye mfumo, asubuhi utakuta unga mweupe kwenye maungio. Mwisho wa kazi osha kwa maji matupu dakika 45 hadi 60, kisha weka kiyeyusho cha kuhifadhia ambacho mtengenezaji wa kolamu ametaja. Usiruke kutoka fosfeti kwenda asetonitrili moja kwa moja. Chumvi itaganda ndani ya kolamu na presha itapanda palepale. Tena bafa ya maji matupu huota ukungu: ichujwe kwa 0.45 µm, itumike ndani ya siku mbili, na chupa isiongezwe bafa mpya juu ya ya zamani.

Ikiwa kilele cha metformini kinachelewa mno, ongeza chumvi, maana amoniamu ndiyo inayoshindana nayo kwenye salfoneti. Kinakimbia? Punguza chumvi. Asetonitrili haina athari kubwa hapa, na kuiongeza kwenye fosfeti nzito ni kutafuta mashapo.

HILIC kwa kupima kiasi cha dawa kwenye vidonge

Hapa ndipo tunapopendekeza watu wengi waelekee kwa kipimo cha kila siku. Kwenye HILIC kolamu hupenda maji, kibebaji kina asetonitrili nyingi, na tabaka jembamba la maji hutanda juu ya silika. Dawa inayopenda maji huzama kwenye tabaka hilo na kuchelewa. Kila kitu kimegeuka kinyume cha C18: maji ndiyo kiyeyusho chenye nguvu, na ukiongeza maji dawa inatoka mapema.

Anza na kolamu ya silika tupu, 150 × 4.6 mm, chembe za 3 au 5 µm, joto 30 °C, mwendo 1.0 mL kwa dakika, sindano 10 µL, kigunduzi 232 nm. Metformini hunyonya mwanga kwa wingi karibu na 232–233 nm ikiwa na chaji moja, kwa hiyo hakuna haja ya kushuka hadi 218 nm, ambako fomati na asidi ya fomiki vitakupandishia mstari wa msingi. Lakini kumbuka: kwenye 232 nm sianoguanidini huonekana hafifu. Kipimo hiki ni cha kiasi cha dawa. Uchafu uache kwenye kolamu ya kationi.

Bafa: pima 3.15 g ya amoniamu fomati, yeyusha kwenye maji kama 950 mL, shusha pH hadi 3.7 kwa asidi ya fomiki (itachukua takriban 2 mL ya asidi nzito), jaza hadi lita 1, chuja. Hiyo ni milimola 50. pH irekebishwe sasa, kabla ya asetonitrili kuingia. Elektrodi ya pH hudanganya ndani ya asetonitrili asilimia 80. Na kwa kweli pH ya kazi ndani ya mchanganyiko hupanda kwa kipimo kimoja au zaidi juu ya ile uliyosoma kwenye maji, jambo linaloongeza chaji hasi za silika.

Kisha pima asetonitrili 800 mL kwenye silinda moja na bafa 200 mL kwenye silinda nyingine, ndipo uchanganye. Usimwage bafa 200 mL kwenye chupa ya kipimo ya lita moja halafu ujaze asetonitrili hadi alama: vimiminika hivi viwili vikikutana, jumla ya ujazo hupungua kidogo, na utakuwa umeweka asetonitrili zaidi ya ulivyokusudia. Mchanganyiko pia hupoa. Shika chupa utausikia ubaridi. Uache urudi kwenye joto la chumba kabla ya kutoa hewa kwa mawimbi ya sauti dakika 5 hadi 10, la sivyo vitatokea viputo kwenye pampu unapopata joto. Funika chupa. Kwenye HILIC, tofauti ya asilimia 1 ya maji inaonekana kwa macho kwenye muda wa kutoka, na asetonitrili huvukiza kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo kibebaji kilichochanganywa kwenye chupa hutulia kuliko kilichochanganywa na pampu.

Fosfeti usiijaribu hapa. Kwenye asetonitrili asilimia 80 itaganda.

Kolamu mpya ioshwe kwa kibebaji angalau mara 50 ya ujazo wake wa ndani. Kolamu ya ukubwa huu ina takriban 1.6 mL, kwa hiyo ni dakika 80. Siku zinazofuata mara 20, yaani dakika 32 hivi, zinatosha. Ukiifananisha na kusubiri heptanisalfoneti ijae, utaona umeokoa nini.

Ili kujua ujazo mfu, yaani majimaji yaliyomo kwenye kolamu ambayo kisichoshikwa hutoka nayo, dunga toluini. Haishikwi na HILIC. Urasili, ambayo wengi wameizoea kwenye C18, hapa hushikwa kidogo na itakupa jibu la uongo. Ukitoa muda wa toluini kwenye muda wa metformini na kugawanya kwa muda wa toluini, upate kati ya 2 na 10. Ikiwa ni chini ya 2, nenda asetonitrili 85. Ikiwa metformini haitoki kwa dakika 15, usikimbilie kuongeza maji kwanza. Tengeneza vibebaji vitatu vyenye asetonitrili ileile 80 lakini chumvi ya milimola 5, 10 na 20 kwa jumla (bafa ya 25, 50 na 100). Muda ukishuka sana kila chumvi inapoongezwa mara mbili, basi kinachoishika dawa ni zaidi chaji za silika kuliko tabaka la maji, na dawa ya hapo ni chumvi. Mkia wa kilele nao utafupika. Muda usipotikisika, rekebisha maji. Jaribio hili linachukua nusu siku na linakueleza karibu kila kitu kuhusu kolamu uliyo nayo, kwa sababu silika za watengenezaji tofauti hazifanani, na nambari za muda kutoka maabara nyingine hazitakusaidia.

Sampuli, mahali HILIC inapoharibikia

Metformini hidrokloridi huyeyuka vizuri sana kwenye maji na vibaya kwenye asetonitrili. Kwa hiyo watu huyeyusha kwenye maji, ambalo ni sawa, kisha hudunga hayo maji, ambalo ni kosa. Maji ni kiyeyusho kikali hapa: dawa itasafiri ndani ya tone la maji bila kushikwa na kutoka kama kilele kipana, kilichopasuka, au viwili badala ya kimoja. Yeyusha kwa maji, punguza kwa asetonitrili.

Kwa vidonge vya kawaida vya 500 mg: pima vidonge 20, tafuta wastani, saga. Chukua unga unaolingana na 100 mg ya metformini hidrokloridi, tia kwenye chupa ya kipimo ya 100 mL, weka maji 70 mL, tikisa dakika 15, jaza hadi alama. Chuja au zungusha kwenye sentrifyuji. Chukua 5 mL ya maji hayo kwa pipeti, weka kwenye chupa nyingine ya 100 mL, ongeza asetonitrili 80 mL, karibia alama kwa bafa, subiri ubaridi uishe, ndipo ukamilishe hadi alama. Umepata 50 µg kwa mL ndani ya kiyeyusho kinachofanana na kibebaji. Standadi (metformini hidrokloridi safi ya kulinganishia) ipitie njia ileile, hatua kwa hatua.

Vidonge vya kuachia dawa taratibu vina tabia nyingine. Vingi vimejengwa kwa haipromelosi, ambayo kwenye maji huwa uteute mzito na kuifumbata dawa. Saga laini zaidi, tumia maji mengi kuliko unavyodhani, tikisa kwa saa moja au zaidi, na thibitisha kwa kupima tena baada ya muda wa ziada kama kiasi hakijaongezeka. Halafu asetonitrili inapoingia, polima hiyo hutoka kama ukungu mweupe. Ukiudunga, utaganda kwenye kichujio cha mdomo wa kolamu. Kwa hiyo zungusha au chuja mara ya pili, baada ya kupunguza kwa asetonitrili. Kuchuja kwa mara ya kwanza pekee hakukulindi.

Vichujio navyo vipimwe. Dunga sampuli ileile iliyozungushwa na iliyochujwa. Tofauti ikizidi asilimia 2, badilisha aina ya chujio. Mwaga mililita 3 hadi 5 za kwanza kila mara.

Hesabu ni hivi. Tuseme vidonge 20 vina uzito wa 11.60 g, wastani 580 mg. Umepima unga 116.2 mg. Standadi ni 50.1 µg kwa mL, na eneo la sampuli ukigawanya kwa eneo la standadi ni 0.992. Basi sampuli ina 49.70 µg kwa mL. Zidisha kwa 20 kwa ajili ya kupunguza, kisha kwa 100 mL, unapata 99.40 mg. Zidisha kwa 580, gawanya kwa 116.2: kila kidonge kina 496.1 mg, sawa na asilimia 99.2 ya lebo. Famakopea ya Marekani inataka kati ya 95 na 105. Angalia lebo inazungumzia nini: 500 mg ni ya hidrokloridi, ambayo ndani yake metformini yenyewe ni 390 mg. Standadi iliyoandikwa kama besi itakupa tofauti ya asilimia 22 na utadhani kiwanda kimeiba.

Mambo yanapokwenda mrama

Muda wa kutoka ukisogea mapema kidogo kidogo siku nzima, asetonitrili inavukiza. Ukiyumba huku na huku katika sindano za kwanza kisha ukatulia, kolamu ilikuwa haijakomaa. Kilele kikiwa kizuri kwa standadi lakini kimepasuka kwa sampuli, viyeyusho vyao havifanani; mara nyingi mtu ameweka asetonitrili pungufu kwenye kimoja. Kilele kikipasuka kwa vyote viwili, angalia kwanza majimaji ya kuosha sindano ya kisampulishaji: yakiwa maji matupu, tone lake linaingia na sampuli. Yawe asetonitrili 80 kwa maji 20.

Kuna kosa moja linalosumbua maabara zinazohama kutoka njia ya zamani. Mashine imesukuma heptanisalfoneti miaka mitatu, unafunga kolamu mpya ya HILIC na vilele vinatoka na maumbo ya ajabu. Mabaki ya kioanishi yamejificha kwenye mirija na vichujio. Toa kolamu, unganisha mirija kwa kiungio, pitisha maji na methanoli nusu kwa nusu usiku kucha kwa mwendo mdogo, na badilisha vichujio vya kwenye chupa.

Kwenye majaribio ya kuiharibu dawa kwa makusudi, kwa asidi na sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, kwa hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, kwa joto na mwanga, zimua asidi kwa alkali na alkali kwa asidi kabla ya kupunguza kwa asetonitrili, na utumie ujazo mdogo. Chumvi nyingi ndani ya asetonitrili hutenganisha kimiminika katika matabaka mawili, na kwenye kichupa asetonitrili itakaa juu na maji yenye chumvi chini. Ukidunga tabaka moja huwezi kujua umepima nini.

Kuikubalisha njia

Kubadilisha C18 yenye kioanishi kuwa silika ya HILIC hakumo kwenye marekebisho yanayoruhusiwa na famakopea. Hiyo ni njia mpya na inahitaji uthibitisho kamili kwa mujibu wa ICH Q2, mwongozo wa kimataifa wa kuthibitisha njia za upimaji. Pima mstari kwa 25, 40, 50, 60 na 75 µg kwa mL. Urejeshaji (sehemu ya dawa uliyotia inayoonekana kwenye kipimo) kwa asilimia 80, 100 na 120, mara tatu kila kiwango, ukitumia mchanganyiko wa viambata vya kidonge bila dawa. Na upitishe bechi zilezile kwenye njia ya zamani na mpya, ulinganishe. Kila siku kabla ya kazi, sindano sita za standadi: mtawanyiko wa maeneo usizidi asilimia 2.0, ingawa mfumo mzima ukiwa na afya hutoa chini ya 1.0, na mkia wa kilele usizidi 2.0. Katika uthabiti, yaani kubadili masharti kidogo kwa makusudi, jaribu asetonitrili 78 na 82, pH 3.5 na 3.9, joto 25 na 35, na muhimu kuliko vyote, kolamu mbili za bechi tofauti za silika. Hapo ndipo njia nyingi za HILIC huanguka.

Bafa ya fomati huvukizika, kwa hiyo njia hii inaunganishwa na spektromita ya masi bila kuguswa: metformini huonekana kwenye m/z (uzito kwa chaji) 130, na kipande cha 71 hutumika kuihesabu kwenye damu. Usiku ukifika, osha kwa asetonitrili na maji 80 kwa 20 bila chumvi dakika 30, ziba ncha zote mbili za kolamu, na usiiache kamwe kwenye maji matupu.